Ndege, Wadudu na Miwani ya Nyanya

Nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, meno yote yamo, na asubuhi bado naamshwa kwa kuvutwa shuka niende shule, lakini kazi ya kupiga picha ndege na wadudu nimeiacha, na kamera nimewaachia nyinyi wawili, Fatma na Hemedi, wadogo zangu. Wanaostaafu bandarini, kazini kwa Baba, hupewa saa ya ukutani na hotuba. Mimi nilipewa sufuria la pilau nilisugue. Hotuba, basi, najiandikia mwenyewe, na nyinyi mtaisoma mtake msitake, kwa sababu ufunguo wa sanduku la kamera ninao mimi mpaka mmalize ukurasa wa mwisho.

Vyeo na mishahara sitavisimulia. Havikuwapo, na msijidanganye kwamba kwenu vitakuja.

Kamera iliingia nyumbani Likoni nikiwa na miaka kumi na miwili. Aliileta Ami Badi, mdogo wake Baba, ambaye wakati ule alikuwa dereva wa mzungu mmoja huko Mkomani. Mzungu yule alikuwa na maradhi ya kutazama ndege. Alfajiri Ami humpeleka ufuoni, na mzungu, mtu mzima mwenye mke na mbwa wawili, hulala kifudifudi juu ya mwani uliooza akimtazama sululu mmoja, yule ndege mwenye mdomo kama sindano ya kushonea magunia, mpaka jua limchome shingo. Habari za Uhuru zilipoanza kusemwa hata na wauza maji, mzungu aliuza gari, akauza friji, akafunga mizigo. Kamera yake ya zamani hakuna aliyeitaka, akamwachia Ami.

"Nimerithi," Ami akasema, akaiweka juu ya meza ya chai.

Baba akaizungusha, akachungulia tundu lake. "Hakuwa na kitu kingine cha kurithisha? Nyumba, kwa mfano?"

Mnaijua ilivyo. Boksi jeusi kama kasha la viatu vya mtoto, kioo kimoja mbele, kitufe cha chuma ubavuni, na juu kidirisha cha kutazamia kilicho sawa na stempu. Ukichungulia humo, dunia yote imejibana, kushoto kumekuwa kulia, na jua linakupiga usoni. Miaka yote niliyofanya kazi sikuwahi kuona sawasawa ninapiga nini. Nilikuwa naelekeza, naomba Mungu, nabonyeza.

Siku yangu ya kwanza kazini nilipangiwa kunguru. Ami alisema mwanafunzi huanza na ndege asiye na haya, na wa Likoni hawana. Tuliweka kipande cha mkate ukutani nyuma ya choo, nikakaa juu ya ndoo, na Ami akanipa somo ambalo aliliokota kwa mzungu wake: "Kaa kama umekufa, lakini usilale." Nilikaa kama nimekufa. Nikalala. Kunguru akala mkate, akashuka akauvuta utepe wa nywele zangu, na hapo ndipo nilipobonyeza, kwa hofu, mara nyingi mfululizo, nikimaliza filamu nzima.

Filamu hiyo ina nafasi ya picha nane tu. Zilipotoka studio, tulikuwa na kuta, vidole vyangu, anga safi la Mwenyezi Mungu, na picha moja yenye doa.

"Huyo ndiye kunguru," Ami akasema.

"Hilo vumbi," Baba akasema.

"Wallahi ni kunguru, kaka. Hebu tazama, hata kiburi chake kinaonekana."

Baba akalipuliza doa lile lisitoke. Mpaka leo hataki kukubali.

Shida ya kamera hii ni kwamba vya karibu haivioni. Kitu kikiwa karibu kuliko urefu wa kitanda, kinatoka kama uji. Na ndege akiwa mbali zaidi ya urefu wa kitanda, ni doa. Kati ya doa na uji ndimo nilimofanyia kazi mwaka wangu wote wa kwanza, na kama mngeniona nikienda shuleni na bahasha ya madoa kuwaonyesha wenzangu, mngenionea huruma. Wao hawakunionea. Kuna msichana mmoja darasani mpaka leo ananiita Bi Madoa.

Aliyeniokoa ni Nyanya, ingawa hakuulizwa. Ami alikumbuka kwamba mzungu wake akitaka kupiga ua kwa karibu, alikuwa akibandika kioo kingine mbele ya kioo cha kamera. Tukaanza kutafuta nyumba nzima mna kioo gani cha aina hiyo. Kilikuwa kimekaa puani pa Nyanya.

Miwani ya Nyanya ya kusomea ilikuwa na kamba ya kufungia nyuma ya kichwa, na kamba ile, kama imeshonwa kwa ajili yetu, ilizunguka boksi ikakaza. Tulijaribu na kujaribu mpaka tukapata kipimo: ukiivisha kamera miwani ya Nyanya, kinachoonekana safi ni kile kilichoko mbali dhiraa moja, yaani kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole kirefu. Pungufu, uji. Zaidi, uji. Mkono wangu ndio ulikuwa kipimo, na wewe Fatma mkono wako ni mfupi, kwa hiyo usijipime wewe, mpime Mama.

Kuanzia siku hiyo, mchana, nyumba ilisikia mazungumzo haya:

"We Zuhura."

"Abee, Nyanya."

"Miwani yangu i wapi?"

"Iko kazini, Nyanya."

"Kazi gani ya miwani pasi na mato? Niletee nisome Yasini yangu."

"Kuna kerengende mmoja tu, Nyanya, nammalizia."

Nyanya akasoma Yasini kwa moyo, akasema ni afadhali, maana kitabuni macho humpotea mstari na kichwani hampotei. Mimi nikajipa thawabu ya jambo hilo. Yeye hakunipa.

Wadudu ni wafanyakazi wazuri kuliko ndege, niwaambie mapema. Kerengende akifukuzwa kijitini pake hurudi kijitini pale pale, kama Baba na kiti chake. Mpimie dhiraa, mngoje. Nyenje utamsikia, lakini alipo hupajui hata ukimkaribia, achaneni naye. Kipepeo mpige asubuhi akiwa bado ana baridi. Majimoto, wale chungu wekundu wa mitini, msiwasogelee. Mimi nilijiegemeza kwenye mkorosho nikimngojea mbawakawa mwenye rangi ya petroli, na walivyonipanda nikacheza ngoma ambayo bado haijapewa jina, mbele ya wauza samaki waliokuwa wanapita. Picha ya siku hiyo ipo. Ni mkorosho, na pembeni unyayo wangu ukiwa juu.

Vunjajungu nilimleta ndani juu ya sinia ili nipate mwanga wa dirishani. Nyanya akaonya kwamba nyumba aliyoingia vunjajungu lazima chombo kivunjike. Kabla hajamaliza kusema, mdudu akaruka akamtua Mama kifuani, na Mama akaachia bakuli la mchuzi.

"Nilisema," Nyanya akasema.

"Lilinirukia, Mama," Mama akasema.

"Ndivyo linavyovunja."

Mimi nilipewa ufagio.

Sasa likizo. Jamaa wengine huenda Lamu au Unguja. Sisi likizo yetu ilikuwa kuvuka feri, kupanda basi mpaka Changamwe, kushuka, na kutembea na vikapu mpaka Jomvu Kuu, kwenye nyumba aliyozaliwa Nyanya, ukingoni mwa mikoko. Safari yote huisha kabla wali wa mchana haujaiva, lakini Mama hufunga mizigo kama anayekwenda kuhiji, na Baba husimama mlangoni akiwaaga majirani mmoja mmoja, akiwaomba radhi kwa lolote.

Jomvu ndege wapo wa kila namna. Maji yakitoka, matope hujaa chekeamwezi wakikimbia kama makarani waliochelewa. Yangeyange husimama weupe kwenye mikoko. Mdiria hukaa juu ya mti wa kufungia ngalawa, mdogo, wa buluu, na mdomo mkubwa kuliko haki yake. Ningeweza kufanya makubwa kule, kama si sheria ya Baba. Baba alisema filamu haipotezwi kwa kitu kisichokuwa na mtu ndani yake. Kila picha ya ndege lazima iwe na mtu, na mtu mwenyewe alijitolea. Ndiyo maana katika picha zetu zote za yangeyange wa Jomvu, Baba amesimama mbele na kanzu nyeupe, kofia nyeupe, mikono nyuma, na nyuma yake kuna kitu cheupe. Wageni huuliza ndege ni yupi.

Mdiria nilimpata mara moja tu, likizo ya mwaka juzi. Nilikuwa magotini kwenye tope, Ami pembeni yangu ameshika miwani isiteleze, na nyuma yetu barazani wazee wa Jomvu na Baba walikuwa wanabishana kama Pwani ibaki na bendera nyekundu ya Sultani au ifuate ya Nairobi. Walibishana kutoka adhuhuri. Mdiria alipiga mbizi, akatoka na samaki, akamgonga samaki kwenye mti, akammeza, akapiga mbizi tena, akashiba, akaenda zake kulala, na bendera kule barazani haijapanda hata moja.

Nilipotimiza miaka kumi na mitano nikavishwa buibui, na kazi ya nje ikafa. Ukilala kifudifudi na buibui, upepo wa bahari unaliinua lote, na ndege wa ufuo mzima wanaruka wakidhani kunguru mkubwa kuliko wote ameshuka kuwala. Mama naye alisema msichana wa ukoo wetu hapandi pipa la maji mbele za watu. Nikamuuliza kama naruhusiwa kupanda bila watu. Akanitazama mpaka nikaenda kuosha vyombo. Hivyo nikahamia uani, ndani ya kuta, na huko uani ndiko kulikonimaliza.

Uani kwetu mna mkomamanga. Ukitoa maua mekundu, huja chozi, ndege mdogo kama kidole gumba, mdomo umepinda, anang'aa kijani na zambarau kama mafuta juu ya maji. Ananing'inia kwenye ua akanyonya, akaruka. Kumkaribia dhiraa moja haiwezekani, labda uwe ua. Ami akatoa akili yake ya mwisho iliyo nzuri: tukafunga kamera juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, miwani ya Nyanya mbele, dhiraa kamili kutoka ua moja, tukafunga uzi kwenye kitufe, tukaupitisha kwenye tawi ili uvute vizuri, na ncha yake nikaenda nayo jikoni. Mimi nikae jikoni nikichungulia ufa wa mlango. Chozi akija, nivute.

Wakati huo huo, nyumba ilikuwa na mwali. Shangazi Rukia, dada yao Baba na Ami, alikuwa amechumbiwa na Mwalimu Athmani wa Kisauni, na harusi ilikuwa karibu. Alikuwa ametiwa ndani. Hatoki, haonwi na mwanamume asiye wake, jua halimgusi. Jioni anasingwa, mwili wote kusuguliwa manukato, asubuhi anapakwa liwa, sandali iliyosagwa, uso mzima mpaka anatoka mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa, anakaa chumbani akilishwa vizuri na kukatazwa vyote vitamu. Somo wake, yule mama aliyepewa kumfunda, alimkataza hasa achari.

Na mama yake Mwalimu si mama wa kuchezewa. Mwanawe mkubwa alikuwa amechumbia msichana wa Majengo, watu wameshaalikwa, mama akasikia kwamba mwali ameonekana dukani kwa Mwarabu akinunua kanda za nywele. Akavunja. Siku hiyo hiyo. Alisema hanunui kitambaa kilichokwisha kufunuliwa na kila mpita njia. Shangazi alikuwa na miaka ishirini na sita, ambayo kwetu watu huitaja kwa sauti ya chini, na alimtaka Mwalimu yule kwa roho yake yote. Hili la mwisho najua kwa sababu tulikuwa tunalala chumba kimoja.

Chozi alikuja asubuhi moja ya Jumamosi. Akaning'inia kwenye ua lile lile. Nikavuta uzi. Kitufe kikalia tik, chozi akaruka, nikajua nimempata. Nilichokuwa naona ufani ni ua na ndege tu.

Studio yetu iko mjini, ng'ambo ya feri. Mwenyewe tunamwita Bwana Studio, na jina lake la kweli silitaji hapa. Picha zilipotoka, nilitazama chozi tu. Kila unyoya. Hata ulimi unaoingia kwenye ua nadhani niliuona. Nilibusu picha mbele ya Ami, Ami akasema mzungu wake angelia.

Juma lililofuata Ami akaingia nyumbani bila kubisha hodi, jasho linamtiririka, akanivuta mpaka nyuma ya choo.

"Ile picha yako ya chozi."

"Ina nini?"

"Bwana Studio ameitoa kubwa. Kubwa kama dirisha. Ameiweka dirishani kwake, barabarani."

"Ami, mashallah."

"Usiseme mashallah. Kaitoe ile yako ndogo, uitazame ukiwa mbali."

Nikaitoa, nikaisimamisha juu ya ukuta, nikarudi nyuma. Ukiwa karibu, nyuma ya ndege ni uji, kama miwani ilivyo, na katikati ya uji kuna kitu kinene cheupe juu, kama mtungi. Nikarudi nyuma zaidi. Mtungi ukapata mabega. Ukapata khanga iliyofungwa kifuani. Ukapata uso wa liwa, mdomo wazi kama pango, na mkono unaotia kitu mdomoni. Shangazi alikuwa ametoka chumbani kuiba achari iliyoanikwa uani.

"Mwalimu Athmani anafundisha mjini," Ami akasema. "Kila asubuhi anapita pale. Dada zake wanapita. Mama yake akija sokoni anapita."

Hatukumwambia mtu. Tulivuka feri mchana ule ule.

Dirishani palikuwa na watu watatu wamesimama, wote pua kwenye kioo, wakimsifu ndege. Chini ya picha palikuwa na kadi nzuri, herufi za kupinda: kazi ya studio hii. Jina langu halikuwapo. Ndani, mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye kiti akingoja kupigwa picha ya pasi ya kusafiria, na Bwana Studio alikuwa anamsimulia jinsi alivyokwenda mwenyewe Nyali alfajiri kumvizia ndege yule. Alituona, akakohoa, akaendelea.

Sasa tazameni mtego wenyewe. Ili aitoe picha, lazima tumpe sababu. Na tukimpa sababu, atarudi nyuma atazame, na jioni mji mzima utajua mwali wa nani anakula achari.

"Bwana," Ami akasema, "ile picha ya ndege tunaitaka."

"Yenu niliwapa."

"Tunaitaka na ile."

"Ile ni ya duka. Kwa nini?"

Ami, aliyeendesha gari miaka mingi bila kugonga hata kuku, akagonga hapo hapo. "Ndege yule ana mkosi."

"Mkosi? Tangu nimemweka wateja hawapungui." Akacheka, akaenda dirishani, akaitoa picha, akaileta juu ya meza. "Mna nini nyinyi? Hebu niione." Akachukua kioo chake cha kukuzia, akainama. "Ndege safi. Ua safi. Nyuma hapa mna mtungi."

"Mtungi, ndiyo," Ami akasema, kwa sauti ya mtu ambaye dada yake ameitwa mtungi.

"Mtungi mzuri. Huu ndio unaoipa picha uzito." Akaweka kioo chini. Akaisimamisha picha juu ya rafu. Akafumba jicho moja, akaanza kurudi nyuma, hatua moja, kama wanavyofanya mafundi wakijisifia kazi.

"Karibia, Bwana, utaona vizuri zaidi," Ami akasema.

"Picha kubwa hutazamwa kwa mbali." Hatua nyingine.

"Ndege yule ni maiti," nikasema.

Akasimama. Mzee wa pasi akageuka na kiti chake.

"Maiti?"

"Nilimwokota amekufa chini ya mkomamanga. Nikamfunga kwenye ua kwa uzi. Tazama pembeni hapo, juu, Bwana, uzi unaonekana."

Akarudi mbio mezani, akainama na kioo chake, pua inagusa karatasi. Uzi ulikuwapo. Ulikuwa uzi wangu wa kitufe, umepita tawini, mwembamba, mweupe, kama ushahidi ulioletwa na polisi.

"Lakini uliniambia ulimngojea Nyali," mzee wa pasi akamwambia Bwana Studio, pole pole tu, kama anayeuliza saa.

Bwana Studio alibadilika rangi. Akaikunja picha kubwa ile, akanisukumia kifuani. "Chukua maiti wako. Umenitia aibu."

"Kadi inasema ni kazi yako, Bwana," nikasema, kwa adabu.

"Tokeni. Na usirudi na filamu yako hapa. Hapa hatusafishi uongo."

Hiyo ndiyo barua yangu ya kustaafu. Picha ilipokuwa nzuri ilikuwa yake; ilipokufa ikawa yangu, na alimsimulia kila mwenye studio mjini kwamba msichana wa Likoni anafunga maiti za ndege kwa uzi. Nilijaribu duka jingine. Kijana wa pale akaniuliza kama safari hii nimeleta jeneza. Kwa hiyo nyinyi, wadogo zangu, filamu zenu mpeni Ami apeleke, na msitaje mmetoka nyumba gani. Miwani ya Nyanya ifutwe kwa khanga laini na irudishwe kabla ya magharibi. Yaliyomo humu Nyanya asisomewe.

Shangazi tulimwonyesha picha usiku ule. Aliitazama karibu, akaitazama mbali.

"Ndivyo nilivyo?"

"Ni liwa, Shangazi."

"Liwa haiongezi mashavu." Akaikunja akaitia kwenye sanduku lake, chini ya doti zake mpya za khanga. Achari hakuigusa tena mpaka siku ya harusi.

Akaolewa. Harusi ilikwenda vizuri, mama yake Mwalimu alikula sana na hakusifu kitu, ambalo kwake ni sifa. Miezi michache baadaye nikapelekwa Kisauni kuwatembelea. Mwalimu Athmani ni mtu mpole, mrefu, haoni mbali na hapendi kuvaa miwani, na alinikaribisha vizuri kwa kahawa. Kaimati zilikuwa kwenye bakuli, na bakuli lilikuwa upande wake.

"Zuhura," akasema, "nasikia wewe mpenzi wa kamera."

"Nilikuwa, Mwalimu. Nimestaafu."

"Nasikia na jambo jingine." Akala kaimati moja. "Ile picha ya ndege nilikuwa nikisimama kuitazama kila asubuhi nikienda shule. Nikiisogelea kabisa. Ilinituliza, sijui kwa nini. Kisha naambiwa ni mzoga uliofungwa uzi, na aliyeufunga ni mtoto wa wakwe zangu. Mtu akidanganya kwa mdomo, maneno hupita. Ukidanganya kwa picha, kila anayeitazama unamdanganya upya. Unanielewa?"

"Naam, Mwalimu."

"Ningependa uniahidi hutafanya hivyo tena."

"Naahidi, Mwalimu."

Shangazi alikuwa anamimina kahawa. Aliacha kumimina.

"Ndege yule alikuwa hai," akasema.

"Rukia, wewe hukuwapo."

"Nilikuwapo."

"Wapi?"

"Nyuma yake."

Mwalimu akafikiri. Aliikumbuka picha sawasawa, nilimwona akiikumbuka. "Nyuma yake mna mtungi," akasema.

"Mtungi huo," Shangazi akasema, "ulikuwa unakula achari."

Chumba cha pili mama yake Mwalimu alikohoa. Mwalimu akautazama mlango, akamtazama mkewe, akanitazama mimi, na uso wake ukapita madarasa yote, kuanzia la kwanza. Kisha akashusha sauti.

"Iko wapi?"

"Sandukuni."

"Ibaki huko huko."

Shangazi akaendelea kumimina. Mwalimu aliinua kikombe, akakirudisha bila kunywa, mabega yanamtikisika, mkono mdomoni, asisikike chumba cha pili. Radhi hakuniomba. Nadhani walimu hawafundishwi jambo hilo chuoni. Ila alipopata pumzi, alilichukua bakuli la kaimati kwa mikono miwili, akaliweka mapajani mwangu, na hakulidai tena.